Shajara ya mradi: kuhamisha maamuzi kutoka mezani kwa waanzilishi

Mawanda

Mradi huu ni wa wiki 12, katika kampuni changa yenye waanzilishi 2 na wafanyakazi 16. Ni ukubwa ambao mambo yaliyokuwa yakimalizika kwa kugeuza kiti na kuuliza huanza kukwama, na sababu yake ni hesabu: watu 5 wana jozi 10 za mawasiliano, watu 18 wana jozi 153. Mwanzilishi akibaki kuwa kituo cha kila jibu, foleni yote inaishia kwake na kampuni nzima inatembea kwa kasi ya kalenda yake.

Lengo limeandikwa kwa sentensi moja: ifikapo wiki ya 12, kila uamuzi unaojirudia kila wiki uwe na mtu mmoja anayeufanya ambaye si mwanzilishi, isipokuwa ule uliotajwa kwa jina kwenye orodha ya yanayobaki. Kinachohamishwa ni kazi pamoja na uamuzi wake. Kampuni nyingi hugawa kazi zikabakiza maamuzi, kisha mfanyakazi anamaliza karibu shughuli yote na kukaa siku mbili akisubiri ndiyo au hapana. Mwanzilishi hapati nafuu, na aliyepewa kazi hajifunzi kuamua.

Wiki ya 1 na 2: kupima kabla ya kugawa

Waanzilishi wote wawili wanajaza karatasi ya muda kwa siku 10 za kazi, kwa vipande vya dakika 30. Safu ni nne: kilichofanyika, nani alikileta, kama kilikuwa uamuzi, utekelezaji au kupitisha taarifa tu, na nani mwingine angekiweza kama angepewa maelezo na ruhusa. Kujaza ni mchana na jioni ya siku ileile. Ukingoja Ijumaa, utakumbuka vikao vikubwa na kusahau maswali madogo yanayokatiza kazi, na hayo ndiyo yanayokula siku. Kwa hiyo pembeni ya karatasi kuna alama ya kijiti kwa kila swali lililoingia kwa simu au kwenye gumzo, hata kama lilijibiwa kwa neno moja.

Safu ya tatu ndiyo yenye manufaa zaidi. Yote yaliyoandikwa "kupitisha taarifa" hayahitaji kukabidhiwa mtu. Mwanzilishi anayeulizwa bei mara kwa mara hahitaji msaidizi wa kujibu bei. Inahitajika orodha ya bei moja, yenye tarehe, mahali ambapo kila mtu anaifikia. Kabla kazi yoyote haijaingia kwenye orodha ya kukabidhiwa inapita kwanza kwenye maswali matatu: tukiacha kuifanya kwa mwezi mmoja nani atalalamika? Je, inaweza kuandikwa mara moja ikaisha? Je, programu tuliyonayo tayari inaweza kuifanya? Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kugawa.

Kilichobaki kimepangwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni mara ngapi kinatokea. Cha pili ni kama kosa linarekebishika. Katika barua ya mwaka 2015 kwa wanahisa wa Amazon, Jeff Bezos alitenganisha maamuzi yasiyogeuzwa na yale ambayo ukiona hayafai unarudi ulikotoka, akasema kwamba kampuni zinapokua huanza kutumia utaratibu mzito wa aina ya kwanza kwenye maamuzi ya aina ya pili. Hilo ndilo linaloonekana kwenye karatasi nyingi za muda: mwanzilishi anasoma tangazo la mtandaoni neno kwa neno, ilhali tangazo hilo linaweza kubadilishwa kesho yake bila hasara.

Yanayotokea mara nyingi na yanarekebishika yanatoka kwanza. Yanayotokea mara chache na hayarekebishiki yanabaki: mgao wa hisa, kutafuta mtaji, mikataba ya miaka mingi, kuajiri na kuachisha viongozi, mwelekeo wa bidhaa. Kundi gumu ni la tatu, yanayotokea mara nyingi lakini hayarudi nyuma, kama kutuma malipo, kufuta data ya mteja, au kumwahidi mteja mkubwa tarehe ya kukamilisha. Wengi huyaacha kwa mwanzilishi kwa hofu. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni watu wawili tofauti, mmoja anaandaa na mwingine anaidhinisha, na hakuna lazima ya mmoja wao kuwa mwanzilishi.

Hesabu ya muda imefanywa kwa kila kazi, kwa sababu kisingizio cha "nikifanya mwenyewe ni haraka zaidi" ni kweli kwa leo na si kweli kwa robo mwaka. Mfano: kazi inachukua saa 1 kwa wiki. Kumfundisha mtu kunahitaji saa 12 za mwanzilishi, na baadaye dakika 15 za kukagua kila wiki. Mwanzilishi anaokoa dakika 45 kwa wiki, kwa hiyo mafunzo yanajilipa baada ya wiki 16. Kazi ya saa 2 inayotokea mara moja kwa robo mwaka, yenye mafunzo ya saa 6, inahitaji robo tatu hata bila kuhesabu ukaguzi. Ndiyo maana orodha ya kwanza ina kazi za kila wiki tu.

Wiki ya 3: viwango vya mamlaka

Migogoro mingi ya makabidhiano inatokana na mmoja kudhani amepewa ruhusa ya kuamua na mwingine kudhani ameomba apendekezewe. Ili kuondoa utata, kila jukumu sasa lina namba:

1. Kusanya taarifa, mwanzilishi ataamua.
2. Leta pendekezo moja na sababu zake, mwanzilishi ataamua.
3. Amua, tangaza unachokusudia, ngoja muda uliopangwa, kisha tenda.
4. Amua na utende. Julisha baada ya kutenda.
5. Amua na utende. Taarifa inatoka kwenye ripoti ya mwezi.

Namba inabandikwa kwenye jukumu, haibandikwi kwa mtu. Mtu mmoja anaweza kuwa kiwango cha 5 kwenye ratiba za wateja na kiwango cha 2 kwenye bei, na hakuna aibu katika hilo. Tumeshauri hili lisemwe wazi mbele ya wote, maana wafanyakazi wazoefu huchukulia namba ndogo kama kutoaminiwa.

Kiwango cha 3 ndicho kinachofanya kazi kubwa zaidi katika mradi huu, na ndicho kinachoharibika upesi. Ujumbe wake una umbo maalumu: "Nakusudia kufunga toleo la zamani Alhamisi saa nne asubuhi. Wateja 6 bado wanalitumia na wote wameshajulishwa. Nisiposikia pingamizi hadi Jumatano saa kumi jioni, naendelea." Una tendo, saa, hali ilivyo, na mwisho wa kupinga. Kimya ni idhini. Mwanzilishi akinyamaza Jumatano kisha akahoji Ijumaa, kiwango cha 3 kimekufa papo hapo, kwa sababu mara ijayo mfanyakazi hatathubutu kuendelea bila ndiyo iliyoandikwa. Kanuni iliyowekwa: pingamizi la baada ya saa linaingia kwenye mapitio ya wiki na halisimamishi kazi, isipokuwa pale ambapo madhara hayataweza kurekebishwa.

Wiki ya 4: karatasi ya makabidhiano

Kila jukumu linapata karatasi ya ukurasa mmoja. Ikizidi hapo, kwa kawaida ndani yake kuna majukumu mawili. Jukumu la kwanza kuandikiwa ni marejesho ya fedha kwa wateja, na inafaa kulitazama kwa karibu.

Rasimu ya kwanza ilisema: "Shughulikia maombi ya marejesho kwa haraka na kwa busara." Sentensi ya aina hii huonekana kuwa ya kuamini watu, lakini inamwacha mpokeaji akikisia maana ya haraka na kiasi cha busara, na akikisia vibaya atalaumiwa kwa kigezo ambacho hakuwahi kukiona. Rasimu iliyopitishwa inasema hivi:

*Matokeo:* kila ombi linapata jibu la mwisho ndani ya siku 2 za kazi, na mteja anaelezwa sababu kwa maandishi.

*Mamlaka:* hadi thamani ya ada ya miezi 3 ya mteja huyo, kiwango cha 4. Zaidi ya hapo hadi miezi 12, kiwango cha 3 na muda wa kungoja ni saa 24. Kupita miezi 12, kiwango cha 2.

*Mipaka:* jumla ya marejesho ya mwezi isizidi asilimia 2 ya mapato ya mwezi uliotangulia. Ikifika asilimia 1.5, toa taarifa siku hiyohiyo. Anayeidhinisha rejesho siye anayelituma.

*Peleka juu mara moja:* mteja akitaja mwanasheria. Dalili ya udanganyifu. Maombi 5 yenye sababu moja ndani ya wiki moja.

*Kwa nini ipo:* mteja aliyerejeshewa vizuri mara nyingi hurudi, na sababu anazotoa ndiyo taarifa ya haraka zaidi kuhusu kasoro za bidhaa.

*Kipimo:* muda wa kujibu, na idadi ya waliorejeshewa ambao bado ni wateja baada ya siku 60.

*Kaimu:* jina la anayeshika mhusika asipokuwepo. *Mapitio:* tarehe.

Kuna ukomo wa aina mbili kwa sababu kila mmoja una tundu lake. Ukomo wa kila ombi peke yake ungeruhusu marejesho madogo 40, yote halali, yaliyoletwa na hitilafu moja ambayo hakuna aliyeitazama. Ukomo wa mwezi peke yake ungeruhusu rejesho moja kubwa la kumfurahisha mteja mwenye sauti. Mstari wa asilimia 1.5 upo ili taarifa ifike wakati bado kuna nafasi ya kufanya jambo.

Sehemu ya "kwa nini ipo" ndiyo ambayo waanzilishi huiruka, wakidhani inajulikana. Haijulikani. Hakuna karatasi inayoweza kutaja kila tukio, na likija lisilotajwa mpokeaji ataegemea sababu. Asipokuwa nayo, ataegemea tahadhari, yaani atarudi kuuliza.

Wiki ya 5: nani apewe, na anafundishwaje

Kuna makosa mawili ya kuchagua mpokeaji, na yote yanatokea kwa nia njema. La kwanza ni kumpa aliye na nafasi. Nafasi kwenye kalenda si uwezo, na jukumu la bei likimwangukia mgeni wa wiki tatu linarudi kabla ya mwezi. La pili ni kumpa yule hodari, kila mara. Ukiangalia orodha ya majukumu kwa majina, jina moja linajitokeza mara nyingi kuliko mengine; huyo ndiye mwanzilishi wa pili aliyetengenezwa bila kukusudia, na akiondoka kampuni inapoteza kila kitu alichokusanyiwa. Kwa hiyo kila karatasi imeongezwa mstari wa "kinachopungua": jukumu lipi linatolewa mikononi mwa mpokeaji ili hili liingie. Mstari ukiwa mtupu, makabidhiano hayasainiwi.

Mafunzo yanakwenda kwa hatua nne: anatazama, anafanya pamoja na mwanzilishi, anafanya akitazamwa, anafanya peke yake na kukaguliwa baadaye. Kila hatua angalau mara 2, na katika hizo angalau tukio 1 liwe la shida, mfano mteja mkali, takwimu zisizolingana, malipo yaliyokwama. Siku laini hazifundishi uamuzi.

Mwongozo wa kazi unaandikwa na mpokeaji, wakati wa kutazama na kufanya pamoja. Mwanzilishi anausoma na kusahihisha. Sababu ni kwamba mtu aliyefanya jambo miaka mitatu huruka hatua ambazo mkono wake unazifanya bila yeye kujua: anafungua rekodi ya mteja kabla ya kupokea simu, anaangalia tarehe ya mkataba kabla ya kutaja punguzo. Akiandika mwenyewe hatua hizo hazimo. Anayejifunza anaziona kwa sababu kwake ni ngeni. Faida nyingine ni kwamba rasimu ya mpokeaji inaonyesha alichoelewa, kuuliza "umeelewa?" hakujawahi kuonyesha hivyo.

Kuna kauli inayozunguka kwamba mtu akiweza kufanya kazi kwa asilimia 70 ya ubora wa mwanzilishi, mpe. Tunaikubali kwa maamuzi yanayorekebishika, ambako asilimia 30 iliyobaki hujazwa na mazoezi. Kwenye mishahara, kodi na usalama wa data hatuikubali. Huko anahitajika mtu anayeijua fani kuliko mwanzilishi, na mara nyingi yupo, isipokuwa hajaulizwa.

Wiki ya 6: funguo

Wiki hii haina falsafa yoyote na ndiyo iliyokwamisha kazi nyingi. Mtu anapewa jukumu, karatasi imesainiwa, mafunzo yamekwisha, halafu nambari ya kuthibitisha inaenda kwenye simu ya mwanzilishi. Kila akiingia kwenye akaunti anaomba nambari. Jukumu limehama, mlango haujahama.

Orodha ya kukagua: jina la kikoa cha tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, akaunti mama ya seva ni ya nani, kadi inayolipia programu ina jina la nani, nani ni watia saini benki, mikataba iliyosainiwa imehifadhiwa wapi. Katika kampuni changa majibu mengi huwa ni barua pepe binafsi ya mwanzilishi, tangu siku zile za mwanzo. Marekebisho yake ni haya. Akaunti kuu zihamie kwenye anwani ya wadhifa, si ya mtu. Manenosiri yakae kwenye programu ya kutunza manenosiri yenye makundi, ili mtu aondolewe kwa hatua moja anapoondoka. Uthibitishaji wa hatua mbili utoke kwenye ujumbe wa simu uende kwenye programu ya uthibitishaji au ufunguo wa kifaa, na nambari za dharura zichapishwe na kufungiwa. Kila mtu awe na akaunti yake yenye ruhusa anazohitaji tu. Kushirikiana nenosiri moja kunafuta ushahidi wa nani alifanya nini.

Kwa malipo, benki nyingi zina huduma ya kutenganisha anayeandaa na anayeidhinisha. Iwashwe. Mwanzilishi anaweza kubaki mwidhinishaji wa kiasi kikubwa, na kiasi cha kawaida kikaidhinishwa na meneja wa fedha. Jambo moja lisisahaulike: kazi ya kodi na hesabu inaweza kufanywa na mwingine, lakini kwa kawaida sheria bado inaiangalia kampuni na wakurugenzi wake. Kwa hiyo hata kwenye kiwango cha 5, risiti za kuwasilisha kodi zinaonekana kwa mwanzilishi kila zinapotoka.

Wiki ya 7: kazi zinazorudi

Kufikia hapa majukumu 9 yametoka, na sehemu yake imeanza kurudi kimyakimya. Hii ndiyo hatua ambayo miradi mingi ya aina hii hufia, kwa hiyo njia zinazorudishia kazi zimefuatwa moja baada ya nyingine.

Njia kubwa kuliko zote ni gumzo la kundi. Mfanyakazi anauliza swali, mhusika yuko kwenye kikao, mwanzilishi analiona na kujibu ndani ya dakika moja. Hakuna aliyekosea adabu, swali limejibiwa. Lakini wote 16 wamejifunza kwamba mlango wa haraka ni uleule wa zamani, na mhusika amejifunza kwamba hahitajiki. Likitokea mara tano jukumu limerudi bila kikao wala tangazo. Tiba ni mwanzilishi kujibu kwa jina tu, "hili ni la" fulani, hata kama jibu analijua na hata kama mteja anangoja saa mbili zaidi. Ni zoezi gumu mno kwa watu waliojenga kampuni kwa kujibu haraka, na tumelikagua kila siku kwa wiki nzima.

Njia ya pili ni mfanyakazi anayekuja na tatizo na kuondoka bila nalo. "Kuna shida na msambazaji," anasema, na mwanzilishi anajibu "niachie niongee naye." Maneno matatu, na jukumu limebadilisha mwenyewe. Kanuni ya mazungumzo hayo: anayekuja na tatizo anaondoka nalo, akiwa na hatua inayofuata na tarehe. Mwanzilishi anaruhusiwa kutoa taarifa, kufungua mlango kwa mtu mwingine, au kuongeza bajeti. Haruhusiwi kuchukua hatua inayofuata.

Njia ya tatu ni masahihisho ya chinichini. Mwanzilishi anaingia usiku kwenye waraka wa mapendekezo ya mteja, anabadilisha aya mbili, hasemi kitu. Asubuhi mhusika anaona. Kuanzia siku hiyo anapeleka rasimu nyepesi, maana ya mwisho itaandikwa na mwingine. Mabadiliko yote yanaandikwa kama maoni pembeni, na kila maoni yana lebo moja kati ya mbili: "lazima", yenye sababu, au "hiari". "Lazima" zikizidi 3 kwenye waraka mmoja, tatizo lipo kwenye karatasi ya makabidhiano, na ndiyo ya kurekebisha.

Wateja wa zamani pia wana namba ya mwanzilishi. Hao hawahamishwi kwa barua pepe. Mwanzilishi anampigia kila mmoja, anamtambulisha mhusika kwenye simu hiyohiyo, na anataja jambo moja ambalo mhusika anaweza kuamua bila yeye. Mteja akipiga tena kwa mwanzilishi, anapokewa kwa heshima na kuunganishwa na mhusika simu ikiwa bado hewani.

Saa zilizookolewa zimepangiwa kazi mapema, kwenye kalenda, kwa majina: mazungumzo na wateja watarajiwa, usaili wa nafasi za juu, mpango wa mtaji. Saa isiyo na jina hurudi kwenye gumzo.

Wiki ya 8: waanzilishi wawili

Fupi. Maeneo yamegawanywa, kila moja lina mwanzilishi mmoja wa mwisho. Mfanyakazi aliyekataliwa na mmoja akienda kwa mwingine, jibu ni "ulizungumza na mwenzangu? Alisemaje?" Waanzilishi wanakutana dakika 45 kila Jumatatu wakiwa wawili tu, na tofauti zao zinamalizikia humo. Wakipishana mbele ya wafanyakazi, viwango vyote vya mamlaka vinashuka hadi cha 2, kwa kuwa kila mtu atataka kuhakikisha kwa wote wawili.

Wiki ya 9: kosa likitokea

Utaratibu umeandikwa kabla kosa halijatokea, kwa sababu ukiandikwa baadaye unaonekana kumlenga mtu.

Swali la kwanza ni kama mhusika alikuwa ndani ya mipaka. Kama alikuwa ndani, kosa ni la mipaka, na karatasi inabadilishwa. Kama alivuka bila kujua, mafunzo yana pengo. Kama alivuka akijua, hilo ni suala la nidhamu, na linazungumzwa faraghani siku hiyo. Katika hali mbili za kwanza kiwango kinaweza kushuka kwa hatua moja, kutoka 4 hadi 3, kwa muda uliotajwa, kwa kawaida wiki 4, na sharti la kukirudisha linaandikwa. Jukumu lote halinyang'anywi. Kulinyang'anya kwa kosa moja kunawafundisha wote waliobaki kwamba usalama uko kwenye kutoamua.

Mapitio ya kosa huchukua dakika 30 na huwa na daftari la maamuzi mezani. Daftari hilo lilianzishwa wiki ya 4: tarehe, uamuzi, njia nyingine zilizofikiriwa, sababu, siku ya kutazama matokeo. Bila daftari watu huhukumu uamuzi kwa matokeo yake, na uamuzi mzuri uliokutana na bahati mbaya unaadhibiwa.

Wiki ya 10: ngazi ya kati

Watu 16 hawawezi kuripoti kwa mtu mmoja, wala 8 kwa kila mwanzilishi bila kazi nyingine kuumia. Kikao cha ana kwa ana cha dakika 30 kila wiki, pamoja na maandalizi na ufuatiliaji, hula karibu saa moja na nusu kwa kila mtu. Watu 8 ni saa 12 kwa wiki. Wanne wamefanywa viongozi wa timu, na kila mmoja amekabidhiwa pia haki ya kutoa maoni kwenye mishahara, kupanga likizo na kuchagua kwenye usaili. Kiongozi asiyekuwa na sauti kwenye mambo hayo matatu atarukwa na timu yake mwenyewe.

Kikao cha wiki kinaongozwa na anayeripoti. Analeta ukurasa mmoja: vipimo, maamuzi aliyofanya, analolikabili, anachohitaji. Mwanzilishi anauliza kuhusu maamuzi, si kuhusu shughuli. Swali la "umefanya nini wiki hii?" huzaa orodha ndefu za shughuli.

Meneja aliyetoka nje ya kampuni anahitaji utaratibu wake. Makosa ya kawaida ni kumpa kila kitu siku ya kwanza, kutomwangalia, na kushtuka mwezi wa pili na kurudisha kila kitu. Badala yake siku 30 za kwanza ni kiwango cha 2 kwa karibu yote, akijifunza sababu za mambo kuwa yalivyo. Hadi siku ya 60 anapanda hadi cha 3, na kufikia siku ya 90 majukumu yaliyotajwa yako kwenye cha 4. Uzoefu wa kampuni kubwa haumpi mtu picha ya wateja hawa.

Wiki ya 11: jaribio la kutokuwepo

Kila mwanzilishi kwa zamu yake anatoka kwa siku 5 za kazi bila gumzo wala barua pepe. Kabla yake kumekuwa na jaribio dogo la siku 2. Simu ya dharura ipo, na dharura zimetajwa: uvujaji wa data, huduma kuzimika zaidi ya saa 4, ajali kwa mfanyakazi, barua ya mahakama. Mwenzake anayebaki anazuiwa kufanya maamuzi ya eneo lile, la sivyo jaribio linapima tu kama mwanzilishi mmoja anaweza kumfanyia mwenzake.

Kila kilichokwama kinaandikwa kwenye orodha moja na kupangwa katika mafungu: hakukuwa na ruhusa, hakukuwa na taarifa, hakukuwa na mtu, au mtu alikuwepo akaogopa. Tatu za kwanza ni kazi ya wiki moja. Fungu la nne linarudisha mazungumzo kwa mwanzilishi: ni lini mara ya mwisho mtu huyo aliamua, na alijibiwa nini?

Wiki ya 12: hali ya sasa

Majukumu yote ya kila wiki yana mhusika, karatasi, kaimu na namba ya kiwango, isipokuwa mawili. Bei za wateja wakubwa zimebaki kiwango cha 2, kwa kuwa orodha ya mipaka ya punguzo haijakubaliwa kati ya waanzilishi. Kutoa matoleo mapya ya programu kumebaki cha 3 hadi njia ya kurudisha toleo la nyuma ijaribiwe mara 2 na kufanikiwa.

Yaliyo wazi: ukomo wa marejesho upitiwe mwisho wa robo mwaka pamoja na kipimo cha siku 60, kikishapatikana. Kadi 2 za malipo bado zina jina la mwanzilishi. Makaimu watatu hawajafanya kazi hata mara moja, kwa hiyo kila mmoja atashika jukumu kwa wiki nzima mhusika akiwa bado ofisini. Karatasi ya muda inajazwa tena kwa siku 10 kuanzia Jumatatu, kwa safu zilezile nne, na alama za vijiti zitahesabiwa na kulinganishwa na za mwanzo.